Chale Chini ya Shati

Mwinjilisti Odeta aliogopa ng'ombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaomsimulia siku hizi wanamfanya simba, na mimi niliyekuwa mzee wa kanisa lake sipendi mtu asifiwe kwa asichokuwa nacho. Alitoka kwao Bukoba, kwenye migomba na kahawa, akaletwa kijijini kwetu nyuma ya Kisesa akiwa na baiskeli moja na sanduku la bati. Akikutana na kundi njiani alishuka, akasimama nyuma ya baiskeli yake mpaka mkia wa mwisho upite. Tulimcheka hadi machozi. Hata hivyo tulimwita Mayu, yaani mama, ingawa wengi tulimzidi umri.

Wahubiri wa mikutano mikubwa walikuja na vipaza sauti, watu wakanyoosha mikono kuokoka, gari likaondoka na vumbi lake. Mayu ndiye aliyebaki na walionyoosha. Alikwenda kulima nao, akawafundisha huku jembe liko mkononi. "Kuzaa si kazi," alikuwa akisema, "kazi ni kulea." Kati ya aliowalea alikuwamo Kashindye, mfugaji wa maneno machache, aliyetarajia kubatizwa Pasaka. Mayu alimfundisha kwamba anayemtumaini Kristo haweki akiba ya tumaini kwa mganga. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, naitikia amina.

Mwaka huo wa 1993 wezi wa mifugo walituzidi nguvu. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaleta mganga kutoka upande wa Shinyanga. Amri ikatoka: kila mwanamume mwenye kaya achanjwe chale tatu kifuani, dawa ikifunge kijiji kizima. Asiyechanjwa ni tundu kwenye boma, mwizi atapitia kwake. Siwabezi waliosema hivyo. Kuamka ukakuta zizi tupu si mchezo.

Kashindye alikataa. Mkutano ukamtenga: asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe kitu, na ng'ombe wake wasinywe kwenye lambo la kijiji mpaka atakapokubali kuchanjwa. Ilikuwa Septemba, na visima vilishakauka. Ziwa tuliliona kwa mbali, lakini ni mwendo wa nusu siku kupita vijiji ambavyo navyo vilikwisha kupewa habari. Na atakayevunja amri, atatengwa pamoja naye.

Sisi Wakristo je? Tulichanjwa. Mimi, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na moja, nilifungua shati mbele ya mganga, kisha nikalifunga mpaka kifungo cha shingoni. Nilijiambia haya ni mambo ya ulinzi, hayahusiani na imani. Wanaume wote wa kwaya walijiambia hivyo hivyo. Mayu hakujua.

Jumapili Kashindye alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma. Benchi lote likahama. Mayu alisimama mbele, akafungua Biblia, kisha akaifunga.

"Ng'ombe wa ndugu yetu hawajanywa tangu Alhamisi," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama, siwezi kumwacha asimame peke yake. Nakwenda kuwanywesha. Aliyebatizwa anifuate."

Hakuna aliyeinuka. Mayu alipita katikati yetu akatoka na Kashindye, na kupitia madirisha tukasikia mifugo yake ikilia kwa kiu. Niliwafuata kwa mbali. Msinisifu, nilikwenda ili nimrudishe Mayu.

Lamboni alisimama Mihayo, kamanda wa sungusungu, filimbi shingoni, na nyuma yake wanaume kumi na wawili wenye pinde. Ng'ombe walikwisha kunusa maji, wanasukumana. Mayu alitetemeka, na sikujua kama anaogopa pinde au pembe.

"Shikamoo, kamanda."

"Marahaba, Mayu. Geuza hao ng'ombe."

"Ng'ombe hawajavunja amri yoyote."

"Mwenye nao kavunja. Ukivuka hapo na wewe umetengwa, hata maji ya kunywa hutapewa."

"Basi nitengeni."

Mihayo akacheka. "Unataka kuteseka kwa mafundisho yako, na wanafunzi wako wote tumeshawachanja! Muulize mzee wako huyo aliyejificha nyuma. Elias, fungua shati."

Vidole vyangu vilikataa vifungo, kimoja kikakatika. Chale zangu zilikuwa bado mbichi, nyeusi kwa dawa.

Mayu alizitazama. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Nilijiandaa kutukanwa, na kwa kweli ningependelea hivyo.

"Mzee Elias," alisema, "funga shati lako. Njoo umshike huyu dume, mimi namwogopa."

Nikaenda. Nikamshika dume pembe, nikapita naye mbele ya Mihayo mpaka maji yakanifika magotini. Filimbi ikalia nyuma yangu. Mgongo wote uliniwasha nikisubiri mshale, lakini haukuja. Ng'ombe kumi na wanane wakanywa, na Mayu akawapigia mluzi kutoka kando, mbali kidogo, kama alivyoona tukifanya sisi.

Jioni jina langu lilitangazwa kati ya waliotengwa. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, duka la shemeji yangu limejaa sabuni za Kenya, redio na vitenge vya kila rangi, lakini alikataa kuniuzia kiberiti kimoja. Moto wetu ulikuwa umezimika. Jirani aliniona nikija, akafunga mlango, na huyo jirani ndiye aliyeongoza nyimbo asubuhi ile. Mke wangu hakunilaumu. Alinipa kigae cha kubebea makaa, akaniambia niende kule kuliko na watu.

Nilikwenda kwa Kashindye. Mayu alikuwa uani, amekaa upande ulio mbali na zizi. Nikapiga hodi, kigae mkononi, mzee wa kanisa nikiomba moto kwa mtu ambaye hata ubatizo hajaupata. Nilingoja aniulize habari za kifua changu.

"Karibu, mzee," alisema Kashindye, akakipokea kigae. "Moto upo."