Pua ya mshauri

Juzi, katika ofisi ya kata huku Mvumi, mkulima na mzee wa Kimaasai walikuwa wamenuniana: ng'ombe wa mzee wamekula mahindi ya mkulima, panga na fimbo zimeachwa mlangoni. Mshauri aliyeletwa kuwapatanisha, binti wa mjini, akamwinamishia mzee kichwa ili akiguse, kama vijana wa Kimaasai wanavyoamkia. Mzee, kwa kumstahi mgeni, alishanyoosha mkono wampe wa mjini. Binti akainuka aupokee. Mzee naye akaupeleka kichwani kwa binti. Kidole kikaingia puani.

"Samahani, baba!"

"Samahani, mwanangu!"

Wakarudia, kikaingia tena. Mkulima akacheka mpaka akamwegemea mzee, naye mzee akaangua kicheko. Wakatoka pamoja kwenda kutazama shamba.

"Na kikao?" binti akauliza, kashika pua.

"Si umeshatupatanisha?" mkulima akajibu.

Chuo humfundisha mshauri mila za watu. Kukubali kuchekwa anakuja nako mwenyewe, pamoja na pua yake.