Mwanamke Aliyemtaka Mwenzangu

Nitasema kweli, maana nimechoka kuificha: nilimwonea wivu mama wa Sange. Wivu mbaya, ule wa kukukosesha hamu ya chakula.

Tulikuwa wawili kwenye nyumba ya kusikilizia wanawake walioumizwa na watu wenye silaha, kule Kavimvira. Mimi nilikuwa na diplome ya shule, meza, biki ya kuandikia na fishi, zile karatasi za kujaza habari za kila mwanamke. Yeye alikuwa mkulima wa mpunga aliyekimbia vita kule kwao Sange na watoto wake, akapewa kazi kwa sababu alijua Kirundi na Kifuliiru. Eti msaidizi wangu! Lakini wanawake walipofika, mimi walinisalimia kwa adabu, wakanitajia jina na kijiji, kisha kimya. Baadaye nawakuta nyuma ya nyumba, mkekani, wamekaa ubavu kwa ubavu na yule mama, ungo katikati, wanachagua mawe kwenye mchele. Hawatazamani. Mikono inafanya kazi, na midomo inasema yote.

Nilijaribu na mimi. Nikanunua mchele wangu, nikashika ungo. "Mama, utachafua nguo," mmoja akaniambia kwa upole, akaninyang'anya. Mama wa Sange alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilirudi ndani roho inaniuma, nikaanza kupanga fishi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke kijana kutoka Luvungi, miguu imejaa vumbi, kitenge amekifunga mara mbili. Mama wa Sange alikuwa ametoka kidogo tu, kwenda sokoni. Nikamkaribisha kiti.

"Ule mama wa mchele iko?"

Hata salamu! Nikamwambia hayuko. "Sema na minye, mama. Ni minye mukubwa hapa."

Akaitazama biki yangu. "Atarudia saa ngapi?"

Jibu lilikuwa: sasa hivi. Mimi nikasema, "Sijui. Pengine kesho kutwa."

Nilidhani akikosa huyo, ataniambia mimi. Na nilijua vizuri, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea: aliyebakwa ana siku tatu tu za kuanza dawa ya kumkinga na ukimwi. Nilipaswa kumwambia hivyo hata kama hasemi kitu. Sikumwambia. Nilikuwa nimenuna. Akasema asante, akaenda zake.

Kesho kutwa akarudi, kama nilivyomwagiza. Alipita meza yangu moja kwa moja mpaka mkekani. Kutoka dirishani niliona vichwa vyao vimeinama. Mchele haujachaguliwa hata nusu, mama wa Sange akainuka ghafla, akaingia ndani, punje zimemganda mikononi.

"Leo ni siku ya ine, zile tatu zimepita," akasema. "Dawa haitamusaidia tena. Anasema alikuja juzi, siku ya pili, weye ukamwambia siko. Minye nilikuwa tu ku soko!"

Niliinamia fishi zangu.

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria yule mwanamke. Nilimlilia baadaye, tena sana, na mpaka leo namlilia. Lakini pale mezani, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba alikuwa amemwambia yeye, si mimi.