Koleo na Taa za Wifi Yake

Mafundi wenzake walimwita Koleo, kwa kuwa akishika kitu haachii. Kwa miaka kumi na moja, kila waya uliofungwa katika studio ya picha ya mumewe ulipita kwanza mikononi mwake. Taa za LED zilizozunguka kiti cha wateja alizilehemu yeye. Hata programu ya ile chipu iliyoongoza mwanga wake aliiandika yeye, akijifunza kwa kitabu kisicho na jalada.

Programu hiyo ilikuwa na kasoro moja. Chipu iliwasha taa, ikahesabu, ikazima, ikahesabu tena, mbio mbio, ili jicho lione mwanga hafifu. Ila mtu akigusa kitufe cha kuongeza mwanga, chipu iliacha kuhesabu ili imsikilize, na taa zikapepesa.

"Zinawakonyeza wateja," mumewe alikuwa akitania, naye Koleo akicheka.

Kisha wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ya mumewe, alimaliza chuo akaja kukaa nao. Siku ya tatu tu akauliza, "Wifi, mbona unaichosha chipu bure? Humo ndani ina saa yake. Ipe hiyo saa namba, sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano, yenyewe itawasha na kuzima karibu mara elfu nane kwa sekunde. Programu yako inabaki huru kufanya mengine."

Akahamishia waya kwenye mguu wa chipu unaotii saa hiyo, akafuta mistari arobaini, akaandika sita. Taa zikapanda na kushuka bila kupepesa hata kidogo.

"Ama kweli damu yetu ina akili!" mumewe akapiga makofi.

Koleo alicheka kwa meno tu. Damu yetu! Na yeye je, maji? Tangu siku hiyo waya ukikatika, aliyeitwa alikuwa wifi. Koleo akimmiminia chai, kikombe kilitua mezani kwa kishindo.

Asubuhi moja wifi alipotoka, Koleo alifungua kompyuta akabadilisha namba moja tu, ile inayopanga kasi ya saa. Kutoka karibu mara elfu nane, ikashuka hadi mia mbili na ushei. Kwa jicho hakuna kilichobadilika. Kamera, inayonasa kupepesa kusikoonekana kwa jicho, ndiyo ingesema.

Mchana akaja mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyesubiri kupasuliwa koo. Alitaka kuwarekodia wanawe walio mbali maneno machache, wakati sauti ingalipo. Alizungumza dakika ishirini. Walipoitazama video, michirizi myeusi ilikuwa ikipita usoni mwake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ina maana nirudie yote?" mwalimu akauliza kwa sauti iliyokwaruza.

Mume akamgeukia dada yake. "Hii ndiyo elimu yako?"

Wifi aliinamia kompyuta. Aliiona namba, akaona pia kuwa ilibadilishwa asubuhi ile, yeye akiwa ametoka. Akamtazama Koleo mara moja tu.

"Nisamehe, kaka. Nitarekebisha."

Angetukanwa, Koleo angejibu. Kusitiriwa ndiko kulikomvunja nguvu.

"Asiombe radhi yeye," alisema. "Ni mimi. Nimeharibu kusudi. Nina kijiba cha roho."

Mwalimu akawahi kusema kabla ya mume: "Basi tengenezeni upesi, wanangu. Sauti yangu haiwezi kuwangoja mpatane."

Koleo alirekebisha kwa mkono wake. Mara ya pili mwalimu alimudu dakika nne tu, baadhi zikiwa mnong'ono, lakini uso wake ulionekana safi.

Mume alimnunia mkewe siku mbili. Wifi hakununa, ila aliweka neno la siri kwenye kompyuta kwa mwezi mzima, na Koleo hakulalamika. Alivuta kiti, akaomba afundishwe kutumia zile saa nyingine mbili zilizomo ndani ya chipu, akafundishwa. Wivu haukumtoka; wifi akisifiwa, mashavu yalimwaka vilevile. Lakini sasa aliuliza papo hapo, "Na mimi je, baba?" na mumewe, kwa aibu, akaanza kujifunza kujibu.