Kompyuta ya Mashati Elfu Mbili

Mchagua jembe ndiye mkulima. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kununua kadi ya picha iliyokwisha kutumika na mtu wasiyemjua.

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya chumba chenye dirisha moja linalotazama barabara, mwanamke analamba ncha ya kidole, anaigusisha haraka chini ya pasi na kutega sikio. Tsss. "Bado," anasema. Anasubiri kidogo, analamba tena. Ts! Fupi, kavu. "Sasa." Shati la kwanza la siku linatandazwa: kola, mabega, mikono, kifua.

Wateja wanamwita Mama Pasi. Ana miaka arobaini na tisa, na kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Kwa siku hunyoosha mashati arobaini, siku za neema hamsini.

"Joto lina sauti, na lina harufu," anasema bila kuinua macho. "Asiyejua hayo mawili atachoma nguo za watu, halafu aseme umeme ulikuwa mkali."

Mbele yake upo ubao wa kupigia pasi, umefungwa blanketi kuukuu na shuka jeupe. Lakini nyumba hii ina mbao mbili. Wa pili uko sebuleni, mbali na mvuke, na haujaona shati tangu mwaka jana. Juu yake imekazwa kwa skrubu kompyuta ya michezo isiyo na sanduku, matumbo nje, feni zikitazama dari. Ukiingia ghafla utadhani mtu amempasua roboti akaenda kunywa chai.

Huo ndio ubao uliomtia adabu shemeji yake.

Mambo yalianzia jirani. Kwa miaka kadhaa, mlango wa pili kutoka kwake palikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta. Mchana kilikuwa kitupu, na mwenye chumba, kwa kuwa mashati yake yalinyooshwa hapo, alimruhusu Mama Pasi akae dakika chache huku nguo zilizonyunyiziwa maji zikilowa vizuri. Siku ya kwanza aliendesha gari la mashindano na kuligonga ukutani mara kumi na moja. Mwezi wa tatu hakuna mteja aliyemfikia.

"Nilikuwa nikishika usukani, mgongo unaacha kuuma," anasimulia. "Sijui ni kwa nini. Siyo lazima nijue."

Kisha mwenye chumba akahama na kompyuta zake. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Mama Pasi alivumilia wiki mbili, mikono ikimwasha, ndipo akaanza kuweka pembeni malipo ya mashati kumi kila siku ya kazi. Hakuhesabu kwa noti. Alihesabu kwa mashati, kama anavyohesabu kila kitu maishani mwake. Alipiga hesabu kwamba kompyuta aliyoitaka ingekuwa mashati elfu mbili. Miezi minane.

Habari ilivuja Jumapili moja, familia ikiwa mezani.

"Shemeji," alisema mdogo wa mumewe, karani wa kampuni ya bima na mpenzi wa michezo hiyo hiyo, "kompyuta ya gemu siyo shati la kutia wanga. Vitu vile vinachaguliwa na wanaovijua. Wewe utauziwa chuma chakavu, ukipige pasi."

"Yako uliichagua wewe?"

"Niliinunua ikiwa kamili. Ya bei!"

"Basi hukuchagua. Ulichaguliwa."

Meza ilicheka. Shemeji hakucheka. Alisema mtu mzima anayemwaga pesa za nyumba kwenye mchezo wa watoto anapaswa kuomba radhi. Mama Pasi akasema anayepaswa kuomba radhi ni mwenye dharau. Mabishano yakapanda mpaka mama mkwe, bibi wa miaka sabini na miwili asiyependa ugomvi usio na tarehe ya mwisho, akagonga meza kwa kijiko.

"Mtashindana hapa hapa, Jumapili ya pili baada ya pesa za mkwe wangu kutimia," alihukumu. "Mizunguko ishirini. Mwanangu, ukishindwa, utasimama mbele ya meza hii umwombe radhi shemeji yako kwa dharau. Na wewe mkwe wangu, ukishindwa, utasimama uombe radhi kwa hizo pesa. Nimemaliza. Nani ana chumvi?"

Mume wa Mama Pasi, fundi bomba na mtu wa maneno machache, aliulizwa yuko upande gani. "Sina upande," alijibu. "Nina mke, nina ndugu, na wote wawili wana midomo."

Mama Pasi anakiri kwamba usiku huo usingizi ulimpaa. Kusimama mbele ya watu hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba angelazimika kusema uongo.

"Miaka ishirini na miwili nimenyoosha nguo za watu wanaokwenda kwenye starehe zao," anasema, na pasi inasimama. "Harusi zao, safari zao, mipira yao. Yangu ni moja tu. Niiombee radhi?"

Pesa zilipotimia, alichukua karatasi na kugawa mafungu. Fungu kubwa, karibu sehemu mbili kati ya tano, lilikwenda kwenye kadi ya picha, kifaa kinachochora barabara na magari kwenye skrini. "Hiyo ndiyo injini yangu," anasema. "Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nilichukua ya kati, ya miaka michache nyuma. Ukiweka kubwa kuliko kadi, ni kama kumwoza mkimbiaji kwa konokono. Kila siku ni kusubiriana."

Kisha akaingia mtaa wa wauza vifaa vya mtumba, kwenye duka lenye upana wa kabati. Muuzaji alimpokea kwa tabasamu na kadi yenye kung'aa.

"Hii hapa, mama yangu. Imetumika kidogo sana. Ilikuwa ya daktari."

"Kila kitu cha mtumba kilikuwa cha daktari. Wagonjwa wanatibiwa saa ngapi?"

Akaipeleka kadi puani. Muuzaji akatazama kulia na kushoto, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Imeungua," Mama Pasi alisema.

"Aa, mama, hiyo ni harufu ya duka."

"Duka halinuki gundi iliyoiva. Lete nyingine."

Ya pili nayo ilinuka. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo, haina umbo wala haiba, toleo lililokwisha kupitwa na wakati. Haikunuka kitu. Aliomba ichomekwe na ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa. Muuzaji aligoma. Mama Pasi akaketi juu ya kreti, akatoa karanga, akaanza kutafuna. Muuzaji akachomeka.

Kwa nusu saa nzima aliuweka mgongo wa kiganja chake karibu na kadi ile, kama mama anayempima mtoto homa. "Joto lilipanda, likapanda, likafika mahali likatulia," anakumbuka. "Pasi nzuri hufanya hivyo hivyo. Mbovu haijui kutulia."

Vingine vilifuata. Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, alichukua vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kwa maelezo kwamba ndoo moja nzito hupinda mgongo, lakini ndoo mbili hukuacha utembee wima. Kigawa umeme alinunua kipya kabisa, cha bei. "Hapo sibani. Pasi yangu ya kwanza haikufa kwa uzee. Iliuawa na soketi ya bei poa."

"Na taa za rangi je?" muuzaji alijaribu bahati ya mwisho. "Zinabadilika rangi saba, mama!"

"Naenda kuendesha gari, siendi kufungua ukumbi."

Sanduku la kuvipangia vyote alilinunua mwisho, la mtumba, kwa pesa iliyobaki. Hapo ndipo alipoteleza.

Alikuwa amepima urefu wa kadi kwa futi ya kamba, akapima na urefu wa sanduku, vikalingana. Nyumbani, mbele ya mumewe, akasukuma kadi. Haikuingia. Ilikuwa nene vidole viwili zaidi ya sanduku lenyewe.

"Nilipima kama suruali," anasema akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Suruali haina unene. Unene huja na mwenyewe!"

Siku hiyo hakucheka. Muuzaji alikataa kulipokea tena sanduku, pesa ilikuwa imekwisha, na mashindano yalibakiza siku tisa. Aliketi sakafuni katikati ya vifaa vyake na, kwa mara ya kwanza, akaanza kuyapanga kichwani maneno ya kuomba radhi. Mumewe alipendekeza walikate sanduku kwa msumeno wa chuma. Mama Pasi akainuka kutafuta pa kuliegemeza likatwe, akaukunjua ubao wake wa zamani wa pasi. Akautazama. Akautazama tena.

Ulikuwa wa mbao tupu, na mbao haipitishi umeme. Ulikuwa mrefu, na una miguu. Upepo unapita juu, unapita chini.

"Baba watoto," aliita, "lete keekee."

Fundi bomba akatoboa matundu, mke akapanga, mume akakaza. Walipowasha, feni zikazunguka zote na skrini ikawaka bluu. Mumewe akapiga makofi mara moja, kisha akaona haya akajifanya anafuta vumbi.

Jumapili ya hukumu, shemeji aliwasili na kompyuta yake imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari kama mchumba. Sanduku lake ni la kioo pande zote, taa zinapita kutoka nyekundu hadi zambarau. Alipouona ubao, aliketi kwanza.

"Hii ni kompyuta au mmeanika nguo?"

"Cheka sasa hivi," Mama Pasi alimjibu. "Baadaye utakuwa na kazi."

Shemeji alilitua sanduku lake kwenye kona, juu ya zulia, mgongo wake ukigusa pazia zito. Mama Pasi alipita karibu nalo, kiganja kikaenda chenyewe.

"Shemeji, hilo sanduku linapumulia kwenye pazia. Lisogeze."

"Usinitishe, shemeji."

"Sikutishi. Lina joto na hatujaanza."

"Endesha gari, uache uganga."

Mama mkwe alinyanyua kijiko kama bendera, akakishusha. Mbio zikaanza.

Shemeji alitangulia, tena kwa mbali. Ana mikono mizuri, hilo Mama Pasi halikatai. Mzunguko wa tano alikuwa mbele sekunde sita, wa kumi sekunde nane, na alianza kuimba. Mama mkwe akamwambia mkwewe, kwa huruma, aanze kutafuta maneno.

Mama Pasi aliinamisha kichwa upande wa kona. Alikuwa akisikiliza. Nyuma ya wimbo wa shemeji, nyuma ya kelele za magari, feni za lile sanduku la kioo zilikuwa zimebadilisha sauti: kutoka mvumo kwenda mluzi.

"Shemeji, sogeza sanduku. Nasimama nikusubiri."

"Simama ukapige pasi!"

Basi hakusimama. Mzunguko wa kumi na tatu, gari la shemeji likaanza kurukaruka kwenye skrini kama picha za kwenye kitabu. Wa kumi na tano, likawa linatembea kama mgonjwa. Wa kumi na sita, Mama Pasi alimpita taratibu, upande wa kulia, akiwasha taa ya kuonyesha, ingawa mchezo haumlazimishi mtu adabu hiyo. Wa kumi na saba, sanduku la kioo likazima, taa zake zote pamoja na lenyewe.

Juu ya ubao wa pasi, feni ziliendelea kuvuma kwa sauti ile ile ya mzunguko wa kwanza. Mama Pasi alimaliza mizunguko yake mitatu peke yake barabarani. Alipovuka mstari, alicheka. Wanaomjua wanasema hawajawahi kumsikia akicheka vile. Alicheka akapiga magoti, akashika mguu wa ubao, akacheka tena, na kila alipolitazama lile sanduku alisema, "Pasi imezima!" na kuanza upya.

Shemeji, kwa sifa yake, alisimama mbele ya meza na kutimiza hukumu. "Naomba radhi kwa dharau, shemeji. Unajua kuchagua." Kisha akabaki amesimama. "Na wewe sasa uniombe radhi kwa kicheko. Ushindi ni ushindi, lakini kile kilikuwa cha mateso."

"Mpe kidogo, mkwe wangu," mama mkwe alimwombea. "Ona alivyonywea."

Mama Pasi alisema atafikiri.

Imepita miezi miwili. Ule mlango wa jirani bado una kufuli, lakini si kwa muda mrefu, kama hesabu zake za mashati zitakwenda sawa. Anataka kukipanga kile chumba na kuweka mbao nne za pasi, kila moja na kompyuta yake, kwa ajili ya watu wazima wanaotoka kazini na migongo inayouma. Asubuhi atanyoosha, jioni watakimbizana. Kadi ya pili ameshaipata. Haikuwa ya daktari. Na mteja wa kwanza wa kutengenezewa ubao amekwisha kuleta vifaa vyake, vimetolewa kwenye sanduku la kioo.

Mteja huyo anaingia sasa hivi, shati la kazini mkononi, tai ikining'inia.

"Shemeji, hujambo. Miezi miwili leo. Radhi yangu iko wapi?"

Mama Pasi analamba kidole, anaigusa pasi. Ts! Anamwangalia machoni.

"Nilicheka kwa sababu nilifurahi, na nilifurahi kwa jasho langu," anasema. "Jumapili ukija nitacheka tena. Lete shati. Radhi siombi."