Kola Kumi na Mbili

"Neli mdogo wangu, hivi hicho kichwa chako kina milango mingapi?"

Salma aliuliza hivyo asubuhi moja ya mvua, amesimama mlangoni pa duka lake mjini Kyela, mkono kiunoni. Pale barazani, kando ya cherehani, fundi Neli alikuwa amepiga magoti akitafuta mkasi wake. Mkasi ulikuwa shingoni mwake, unaning'inia kwa utepe.

"Mingi, dada," Neli alijibu. "Na yote iko wazi."

"Basi funga japo miwili. Wateja wako wanapigwa na upepo!"

Wakacheka wote, ila kicheko cha Neli hakikufika mbali. Tangu utoto wake kule Ikolo alikuwa hivyo. Mama yake akimtuma maji, anarudi na kuni. Akiinjika maharage, akaona kanga ya jirani imefumuka pindo, basi atachukua sindano akashone, na maharage yataungua. Mvivu hakuwa, na mkono wake ulisifiwa hadi Ngana. Lakini kazi aliianza kwa moyo wote, na mwisho wake ukamponyoka kama kambale.

Ajabu ni kwamba miaka ile ya shida hakusumbuka hivi. Enzi za duka la kaya, bidhaa zilipotolewa kwa mgawo, mtu alipanga foleni tangu alfajiri, akapata kitambaa kimoja, akamletea Neli amekikumbatia kama mtoto mchanga. Neli alikishona, akakitoa, ndipo kikaja kingine. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitambaa vilimiminika kutoka Mbeya na kutoka ng'ambo ya mto Songwe, vyenye maua na mistari ya kila namna, vikarundikana pale barazani, na kila rangi ikawa inamwita kwa jina.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Kwaya ya kina mama wa Ikolo ilimpa kazi ya magauni kumi na mawili ya Pasaka. Zilipobaki wiki mbili, kiongozi wao, Mama Angetile, alikuja kuangalia. Neli akamtandikia kazi yake kwa furaha: kola kumi na mbili, zimepigwa pasi, hakuna hata moja iliyopinda.

"Nzuri kweli," alisema Mama Angetile. "Na magauni yako wapi?"

Neli akaonyesha kwa kidole rundo la vitambaa.

"Mwanangu, tutaimba Bwana amefufuka tumevaa kola tupu?"

Hamza, mume wa Salma, alisikia yote akiwa ndani. Hakuwa mtu mkali, ila kelele za wateja mlangoni pake zilikuwa zimemchosha. Akatoka, akasema taratibu, "Shemeji, magauni ya hawa mama yasipokwisha kwa Pasaka, hapa nitamweka fundi mwingine. Usinione mbaya."

Kibaraza kile ndicho kilichokuwa shamba la Neli. Lingine hakuwa nalo. Aliinamisha paji la uso juu ya cherehani.

"Bwana, nimetawanyika," alinong'ona. "Nikusanye."

Mvua ilipiga bati. Salma, ambaye alikuwa amefunga na midomo imemkauka, akaja akaketi kando yake.

"Siku za duka la kaya hukuwa na kiporo hata kimoja," alisema. "Nilikuwa nakuonea wivu."

Neli akainua kichwa. "Siku hizo vilikuja kimoja kimoja, dada."

Salma akageuka, akautazama mlango wa stoo yake.

Mchana ule ule walihamishia vitambaa vyote stoo ya Salma, mlango ukafungwa. Salma akaketi nyuma ya kaunta, akajifanya karani wa duka la kaya. "Wa kwanza!" aliita, na wa pili hakuwepo. Neli akapewa kitambaa kimoja na kola yake. Kingine hapewi mpaka gauni zima, vifungo vyote vikiwa mahali pake, liwe juu ya kaunta.

Siku ya pili alijaribu ujanja. "Dada, nipe kile nikikate tu, sishoni."

"Mgawo wako umekwisha, mama. Rudi foleni!"

Kuna siku mguu wake ulicheza, macho yakamtorokea barabarani, na akalia kidogo kwa hasira. Lakini mbele yake palikuwa na kitambaa kimoja tu, hapakuwa na kingine cha kukimbilia. Ijumaa Kuu ilikuta magauni kumi na moja yametundikwa. La mwisho alilimaliza Jumamosi mchana, akishona pindo kwa mkono huku Mama Angetile ameshika upande wa pili.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema yule mama, na asante hiyo Neli aliiweka moyoni.

Jumatatu ya Pasaka alimkuta Hamza juu ya ngazi, anapigilia bati la kuzuia mvua isimlowanishe fundi. Habari za kumtoa hakuzigusa tena. Salma alikuwa anafunga safari ya Mbeya, siku tatu, kuleta bidhaa za Idi. Akamnyooshea Neli ufunguo wa stoo: sasa amekwisha kujua, atajipimia mwenyewe.

Neli aliutazama ufunguo, akarudisha mikono nyuma.

"Dada, usiniachie mimi. Mwachie shemeji. Anipe kitambaa kimoja, na cha pili asinipe mpaka nimwonyeshe cha kwanza kimekwisha."