Zumari Nyuma ya Fidla

Marehemu mume wangu alikuwa akifanya kazi dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi pale Kibiti. Mzee yule alipohamia Dar es Salaam kwa mwanawe, alimwachia redio kubwa ya spika mbili na sidii za okestra ya Kizungu, muziki usio na mwimbaji hata mmoja. Majirani walicheka.

"Sasa huo mtu anauchezaje, shemeji?"

"Hauchezwi," aliwajibu. "Unakaa, unasikiliza."

Na kukaa kwenyewe kulikuwa na masharti. Juu ya meza, sauti nzito zilitetemesha vikombe, jambo lililomkera sana. Akavifudikiza vinu vyangu viwili, akaweka spika juu yavyo. Nikitaka kutwanga, sharti niombe ruhusa. Kiti chake alikipanga kwenye ukuta unaozielekea spika, katikati kabisa, akapiga alama za chaki sakafuni ili kisihame. Mimi nilikaa mlangoni, ubavuni mwa spika moja, na ungo wa mchele mapajani.

"Unaisikia zumari?" aliniuliza siku ya kwanza, kidole juu. "Pale, nyuma ya fidla. Iko peke yake."

"Naisikia."

Sikuisikia. Nilisikia fidla nyingi kwa mkupuo. Mimi niliishia darasa la saba, na nilidhani huko kutosikia ni ushamba wangu. Kisha alifurahi mno, nikashindwa kurudi nyuma. Miaka sita aliniuliza, miaka sita nikamjibu naisikia.

Alifariki kabla ya masika. Eda yote redio ilikaa chini ya kanga. Waliokuja kunipa pole walidhani nawaza nitakula nini. Hilo nililiwaza pia. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba nilimdanganya mtu aliyeniamini, na sasa sina wa kumwomba radhi. Nikasema, angalau niisikie kweli, hata mara moja.

Nilipotoka eda, wifi yangu alikuja kutoka Mbwera kukaa nami. Mchana mmoja niliifunua redio, nikaweka sidii ile ya zumari, nikakaa mlangoni. Sikuisikia. Nikarudia. Wapi.

"Si ukae kwenye kiti?" akasema wifi. "Hapo spika imekuganda sikioni."

"Kiti cha kaka yako hicho."

"Kaka yangu yuko kwa Mola wake, wifi. Hizo ni mbao."

Nikakaa. Fidla ziligawanyika, nyembamba kushoto, nene kulia, katikati pakabaki uwazi. Ndani ya uwazi ule ndimo ilimokuwa zumari, laini, haina haraka. Nilimsikia hata mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuendelea.

Haukuwa ushamba. Palikuwa ni mahali pa kukaa tu. Siku ile ya kwanza ningemwambia siisikii, angenyanyuka mara moja akanipa kiti chake. Ninamjua. Angefurahi kuliko alivyofurahi.

Nililia, na wifi akaniacha nilie. Nilipomaliza nikamwambia, njoo ukae wewe. Akakaa, akakunja uso, akatega sikio mpaka muziki ukaisha.

"Mie siisikii zumari yoyote," akasema. "Nasikia kelele nzuri tu."

Nilimpenda sana kwa kusema hivyo. Nikamwambia asogee kushoto kidogo, nikauanza muziki upya.