Mke wa Karani Asomea Mikopo

Selestina alizaliwa Kigera, Musoma, akasoma kwa masista mpaka darasa la nane. Mwaka wa sitini na nne aliolewa na Apolinary, karani wa chama cha ushirika cha pamba upande wa Bunda. Apolinary alikuwa mtu wa Majita, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitoka katika ukoo wa wavuvi lakini maji yalimtia kichefuchefu, ndiyo maana akakimbilia kalamu. Wakulima walimpenda kwa kuwa hakuwahi kumfokea mtu kwenye mizani.

Alikuwa na hamu moja kubwa, nayo ni kuwa msimamizi wa mikopo wa chama kikuu. Huyo ndiye aliyezunguka vijijini kuamua nani apewe mbegu, dawa ya wadudu au plau kwa mkopo, na baada ya mavuno akahakikisha mkopo umerudi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na vyama vilikuwa vinatafuta wenyeji wa kuishika kazi hiyo. Apolinary akajiandikisha katika masomo ya posta ya chuo cha ushirika cha Moshi. Bahasha ilipofika, alinawa mikono kwanza, akajifuta, ndipo akaifungua.

Shida yake ilikuwa macho. Tangu utoto aliugua vikope, na kope zilikuwa zimejikunja kwa ndani zikikwaruza mboni. Selestina alikuwa akimsafisha kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu. Alijua kwamba macho yale yanauma. Hakujua kwamba yanazima.

Jumapili moja, baada ya misa, Apolinary alikaa kwenye mkeka barazani na karatasi zake za somo. Selestina alikuwa akiingia na kutoka jikoni. Mara ya tatu alipotoka, alisimama mlangoni akamtazama.

"Hujageuza ukurasa tangu nilipoinjika maharage," alisema.

"Somo gumu."

"Linahusu nini?"

"Mazingira ya biashara."

"Hicho kichwa cha somo, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake wanasemaje?"

Apolinary alizilaza karatasi magotini, akazisawazisha kwa kiganja. "Nilikuwa naogopa kukuambia," alisema mwishowe. "Niliona nikikuambia utaanza kunishika mkono mbele za watu, kama mzee."

Selestina aliketi kando yake, bega kwa bega. Alichukua karatasi ya juu, akaanza kumsomea kwa sauti, na maharage yakaungua.

Walikwenda hospitali ya misheni. Daktari alizirekebisha kope na maumivu yakapungua, lakini alisema ule weupe uliokwisha kuziba mboni hautaondoka. Apolinary angeona mwanga na vivuli vya watu, maandishi hapana. Jilala, mwenyekiti wa chama, hakumfukuza. Alimwondoa kwenye mizani, akampa kazi ya kupokea wakulima na kusikiliza malalamiko yao, kwa mshahara uliopungua.

Masomo hawakuyaacha. Kila jioni, kabla giza halijaingia, Selestina alisoma na Apolinary alisikiliza, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja. Somo lilisema kwamba mkopeshaji haangalii mtu peke yake, anaangalia na vinavyomzunguka: mvua, barabara, bei, sheria za serikali, hata desturi za nyumbani. Hapo ndipo walipoanza kubishana, na kubishana huko wakakupenda.

"Mimi ningemkopesha mwenye ng'ombe wengi," Selestina alisema siku moja. "Akishindwa kulipa, anauza mmoja."

"Ng'ombe wa nani? Nusu ni wa mahari ya mtoto wake, wengine amewekewa na shemeji yake. Unamwona nao malishoni, kumbe si wake."

"Basi hana kitu?"

"Anacho. Ila uulize kwanza, tena uulize kwa adabu."

Lilifika zoezi lililowataka waeleze mazingira ya biashara ya sehemu wanayoifahamu. Apolinary alisema hawaifahamu sehemu yoyote vya kutosha, waende wakaangalie. Wakati wa kiangazi walichukua baiskeli ya chama. Selestina alikanyaga, mumewe akapanda nyuma. Njiani watu walisimama na majembe yao kuwatazama, maana mwanamke kumbeba mwanamume kwenye baiskeli hawakuwa wamekuona. Apolinary aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kwa jinsi sauti zilivyomfikia.

Walifika Butiama, wakalala Mwitongo kwa mkulima aliyeitwa Luhende, wakamuuliza juu ya shamba lake na gharama za kupeleka pamba sokoni. Wakashuka mpaka Musoma, Mwigobero, wakaongea na akina mama wauza samaki, furu na ningu, kwa sababu Apolinary alitaka kujua pesa ya pamba inapotoka Bunda inakwenda wapi. Selestina aliandika. Kila walipopita alimweleza anachokiona: daraja lililoliwa na maji, duka lenye rafu tupu, ghala jipya la mabati. Naye alimwambia aliyoyasikia kwenye sauti za watu, nani alisita na nani alijibu haraka mno. Miaka mingi baadaye Selestina alikuwa akisema kwamba safari ile ndiyo hasa fungate yao.

Zoezi lilisifiwa. Mtihani ulipokaribia, Apolinary alimwomba mkewe amwandikie barua ya kwenda chuoni. Alitamka polepole, Selestina akaandika kwamba mwanafunzi amepata ulemavu wa macho na anaomba nafasi yake apewe mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo, aliyeyasoma masomo yote.

Kalamu ikasimama. "Mtu gani?"

"Andika jina lako."

"Siandiki."

"Selestina."

"Hii ni kazi yako. Uliitamani hata kabla hujanijua mimi."

"Ilikuwaga yangu," alisema Apolinary. "Sikupi kwa huzuni. Nikikusikia ukisoma, najua msimamizi atakuwa hivyo. Kama si mimi, nataka awe wewe, nisije nikamchukia mwingine bure."

Selestina alilia kidogo, akiwa amegeuza uso, ingawa mumewe asingeuona. Kisha akaandika jina lake.

Chuo kilikubali, naye akafanya mtihani akafaulu. Chuo kilimwita Moshi kwa miezi tisa, na dada yake Apolinary akaja kukaa na kaka yake. Kule Moshi Selestina alikuwa mwanamke peke yake darasani. Alikuwa akipokea barua zilizoandikwa na dada yule, zimejaa habari za kuku na mvua, na mwisho wa kila barua kulikuwa na mstari uliopinda ambao Apolinary aliuchora mwenyewe, bila kuona, ili mkewe ajue kwamba mkono wake ulipita pale.

Aliporudi alipewa usimamizi wa mikopo, eneo la Bunda na Butiama. Msimu wake wa kwanza haukuwa mzuri. Mvua zilikata barabara, gari la kubeba pamba halikufika kwa wakati, na pamba ya wakulima kadhaa ililowa ikashushwa daraja. Luhende wa Mwitongo alikuwa mmoja wao, na deni la plau lilibaki. Kamati ikakaa, wengine wakataka achukuliwe dume lake la kulimia.

Selestina alisimama. Alisema Luhende alilima kwa wakati, akapalilia, akavuna. Kilichomwangusha ni barabara, na barabara si yake. Ukimchukulia dume mwaka huu, mwaka ujao hatalima, na deni litakufa kabisa. Aliomba deni lisogezwe misimu miwili.

"Shemeji," Jilala alimwuliza, "hayo ni ya kwako au ni ya Apolinary?"

"Tulisoma pamoja, mzee. Siwezi tena kuyatenganisha."

Jilala alicheka, wengine nao wakacheka, na deni likasogezwa. Luhende alilipa lote, ingawa ilimchukua misimu mitatu. Wapo wengine waliosogezewa ambao hawakulipa kamwe, na Selestina hakuwaficha alipoulizwa.

Halafu ikaja sabini na nne, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Wakulima aliowajua kwa nyumba zao aliwakuta wamejipanga kwenye mistari, wengine chini ya turubai, mashamba yao yakiwa mbali. Hakuwa mtu wa kulalamika hadharani. Alichofanya ni kuanza upya, akatembea nyumba hadi nyumba akiuliza nani ana shamba wapi na anafikaje. Miaka miwili baadaye vyama vikuu vilivunjwa nchi nzima. Alipewa asante na mshahara wa mwisho.

Siku hiyo alirudi nyumbani mchana. Apolinary alikuwa akimenya karanga. Alisikia mwendo wake, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka.

"Wamefunga," Selestina alisema.

"Nimesikia redioni. Umekula?"

"Bado."

"Kuna ugali na sato. Kula, halafu ulale. Leo usiwaze kitu."

Alikula. Alilala mpaka jua likashuka, na mumewe alikaa mlangoni akiwazuia watoto wa jirani wasipige kelele.

Mwaka uliofuata benki iliyokuwa ikikopesha vijiji ilimwajiri Musoma. Walijenga nyumba ndogo Bweri, wakati huo kukiwa bado na mashamba mengi kuliko nyumba. Apolinary alilima mchicha kwa kupapasa, akauza kidogo na kugawa zaidi. Waombaji wa mikopo walijifunza kupita nyumbani jioni, na aliyewapokea alikuwa yeye. Aliwakalisha, akawapa maji, akawauliza habari za shamba na za wazazi.

"Afisa anakula," aliwaambia. "Akimaliza atawasikiliza."

Wakamzoea hivyo, hata wakaanza kumwita Bwana Mikopo. Selestina, akiwa ndani na sahani yake, aliwasikia wakimwita, na alikula taratibu ili mumewe aendelee kuongea.